Kaka, Namwomba Shemeji

Mwanamume aliyetaka kucheza nami mwaka 1971 hakuanza na mimi. Alikuja mezani kwetu, akasimama upande wa mwanamume niliyekaa naye, akainama kwa sababu magitaa yalikuwa juu, akasema: "Samahani kaka, namwomba shemeji." Kaka akijibu "haina neno," mkono ulinyooshwa kwangu. Akijibu "shemeji amepumzika," basi nimepumzika, hata kama chini ya meza viatu vyangu vilishaanza kugonga sakafu.

Kaka mwenyewe alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, ananyoa ndevu ambazo hazijaota, na kiingilio chake nilikuwa nimemlipia mimi. Mama hakuturuhusu kutoka usiku bila mwanamume, ndiyo maana tulimbeba. Wageni walimdhania mchumba wangu, au mchumba wa rafiki yangu, au wa sote wawili, naye hakuwasahihisha. Akinunuliwa soda alikuwa mkarimu kupita kiasi. Usiku mmoja alinitoa kwa mzee anayenuka pombe mpaka masikioni, halafu kijana niliyekuwa namtazama tangu tulipoingia akamrudisha, eti shemeji kachoka. Kijana yule alikuwa amekuja mikono mitupu.

Wenzangu wa rika langu wakikaa hupenda kusema dansi la zamani lilikuwa na heshima. Lilikuwa nayo, sibishi. Ila heshima ile ilipita kwanza kati ya mwanamume na mwanamume. Ukumbi umejaa, watu wamekunywa, kila mtu ana mtu wake au anadhani anaye. Bila utaratibu wa kuombana, ngumi zingelipuka kabla ya wimbo wa tatu. Kwa hiyo waliombana, na amani ikawepo. Usalama wetu wanawake ulikuwa kama chenji: ukibaki, unapewa.

Tulikuwa wapiga chapa serikalini, mimi na rafiki yangu mmoja wa Tanga. Amana, kule Ilala, tulikwenda kwa sababu ni jirani na nyumbani. Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, tulikwenda siku za bendi kubwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, imeundwa mwaka 1964, na wanamuziki wake walilipwa mshahara wa mwezi kama sisi. Tukiangalia makato kwenye karatasi ya mshahara tulitaniana kwamba haya ndiyo yanayonunua nyuzi za gitaa. Walikuwepo Western Jazz na Saboso yao, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz, na ukibahatika Mbaraka Mwinshehe anateremka na Morogoro Jazz, siku ambayo hata wazee wa msikitini walijikuta wamepita karibu na dirisha. Wanaume walivaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vinavyowaongezea kimo kisicho chao. Sisi gauni la kushonesha, poda shingoni, na mkoba mdogo ambao haukuachwa mezani hata mara moja.

Wimbo wa dansi wa siku hizo ulikuwa na sehemu mbili, na lazima nieleze hilo kwa sababu mambo yetu yote yalisimama juu yake. Sehemu ya kwanza ilikwenda taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake cha ndoa au cha mji, na watu wanacheza wameshikana. Kisa kikiisha, magitaa yanabadilika, tarumbeta zinaingia, linaanza chemko. Hapo watu wanaachiana. Kila mmoja anacheza anavyojua, na mara nyingi wanajipanga mistari wakifuatana hatua.

Kucheza kwa kushikana nilifundishwa uani na mjomba. Alikuwa mtu wa klabu za dansi za kabla ya Uhuru, watu wa suti na tai hata katika joto la Februari, waliocheza walsi na foksitroti na kushindana wakitazamwa na waamuzi. Kwake dansi lilikuwa shule. Mkono wa kulia wa mwanamume unakaa chini kidogo ya bega la mwanamke, mgongoni, na ukishakaa hapo hausafiri. Katika kiganja kuna leso safi iliyokunjwa, ili jasho lako lisiandike alama kwenye gauni la mtu. Mguu wa kushoto wa mwanamume unakwenda mbele, wa kulia wa mwanamke unarudi nyuma. Wimbo ukiisha humwachi mwenzako katikati ya sakafu ukatafuta mwingine; unamrudisha mpaka kwenye kiti chake, unamshukuru yeye, unamshukuru na aliyekaa naye.

Hilo la mguu nilikuja kulifikiria baadaye. Mwanamke anayecheza walsi au rumba ya kushikana anaumaliza usiku kinyumenyume. Haioni nguzo, haioni meza, hamwoni mlevi anayepepesuka nyuma yake. Mjomba alijua hivyo, na mvulana aliyemgongesha msichana kwenye kinu au kwenye ukuta wa choo alifukuzwa uani siku hiyo. "Amekuazima macho," alimfokea, "na wewe unamtazama kifua."

Wasichana tulikuwa wachache, na wavulana wakienda mpirani ilibidi mtu ashike upande wao. Kwa urefu wangu nikawekwa mimi. Nikajifunza kuongoza: kufikiri hatua mbili kabla, kumwambia mwenzako kwa kiganja tu kwamba tunageuka, kungoja aelewe, kutomvuta asipoelewa. Nilikuwa hodari kuliko wavulana wote, na mjomba alikiri. Kisha akanionya nisije nikathubutu kufanya vile ukumbini. Sababu hakunipa.

Ukumbini nilikuta wanafunzi wa mjomba si wengi. Wapo waliokuja na leso, nao ungewajua kwa namna walivyosimama. Wengine mkono ulianza mgongoni, ubeti wa pili uko kiunoni, na ukingoja wa tatu utajuta. Kwa hao tulikuwa na silaha yetu. Mkono wa kushoto wa mwanamke, kwa desturi, hulala begani kwa mwanamume. Akianza kukubana unauteremsha, unauweka mbele ya bega lake, mkono wote kuanzia kiwiko unakuwa kigingi kati yenu. Anavuta, kigingi kinakaza. Usoni unatabasamu kama kawaida, mnazunguka kama kawaida, na wanaowatazama hawajui kwamba hapo katikati pana vita. Nimeingia kazini Jumatatu nyingi kiwiko kinauma, nikapiga chapa hivyo hivyo.

Unaweza kuuliza kwa nini tusikatae tangu mwanzo. Tulikataa. Kukataa kulikuwa na gharama zake, na ya kwanza ilikuwa wimbo wenyewe. Ukisema "samahani kaka, hii napumzika," basi umepumzika kweli. Ukionekana na mwingine katika wimbo ule ule umemtukana wa kwanza, na matusi hayo hulipwa. Wimbo wa kwenye sahani ya santuri ulikuwa wa dakika chache, lakini bendi ikiwa jukwaani na watu wamenoga huo huo ulichukua robo saa. Fikiria wimbo unaoungoja wiki nzima redioni, bendi inaupiga mbele yako, na wewe umeketi unatazama glasi kwa sababu mtu usiyemtaka ndiye aliyewahi kufika. Wapo wanawake waliocheza na watu wasiowataka kwa sababu hiyo tu, ili wasikose wimbo, nami siwalaumu.

Gharama ya pili ilikuwa ya mwanamume, nayo ilitugeukia sisi. Aliyekataliwa alirudi kwake akiikata sakafu mbele ya macho ya ukumbi mzima, wenzake mezani wanacheka. Nimesoma kwamba katika kumbi za tango za Buenos Aires mwanamume humtazama mwanamke kutoka ng'ambo. Akikubali hutikisa kichwa, asipotaka hugeuza macho, na hakuna anayejua kama kuna mtu aliyekataliwa. Wenye akili Dar es Salaam walifanya karibu na hivyo bila kufundishwa: anakutazama, anainua glasi kidogo, ukitazama pembeni yamekwisha. Lakini hao walikuwa wachache kama wenye leso.

Nje ya ukumbi hali haikuwa bora, na hili vijana wa leo hawalijui. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, mikorogo. Tarehe yenyewe haikungojwa. Vijana walivamia wasichana Kariakoo, kwenye vituo vya basi, wakawashusha, wakawachania nguo mchana kweupe kwa jina la heshima ya mwanamke wa Kiafrika. Polisi ilibidi waingilie. Nilikuwa namalizia masomo, na kwa miezi kadhaa mama alinifunga khanga juu ya sketi mpaka kituoni. Ndiyo maana nasema hivi, na waliokuwepo wataniunga mkono: ukumbi wa pombe, pamoja na mambo yake, ulikuwa na mtu anayekuja kukuomba. Kituo cha basi hakikuwa naye.

Mwaka uliofuata, Novemba 1969, muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam kwa amri ya mkoa. Waliutaja kuwa uhuni wa kigeni. Sasa katika soul hakuna anayemshika mwenziwe. Kila mtu anajitikisa peke yake, hatua mbili kutoka kwa mwingine. Rumba, ambayo vifua hukutana, haikuguswa. Sikuelewa wakati ule. Leo nadhani kilichowakera wakubwa ni msichana anayecheza bila mwanamume wa kuulizwa habari zake.

Niseme la rafiki yangu wa Tanga. Ukumbi lilimotokea siutaji. Tuliketi mezani, mhudumu akaleta bia mbili ambazo hatukuagiza, akaonyesha kwa kidevu: zimetoka meza ile. Soda na bia za namna hiyo tulizijua. Anayekunywa anahesabiwa kwamba amekubali, na kinachohesabiwa hakijulikani mpaka saa nane za usiku, mabasi yamelala, na mwenye bia ndiye mwenye gari. Rafiki yangu hakuzirudisha, maana kurudisha ni kutangaza vita. Aliziacha pale pale, vizibo juu.

Baadaye mwenyewe akaja. Mtoto wa mama mdogo alikuwa ametoka nje, kwa hiyo hakukuwa na kaka wa kumwomba shemeji, na yeye hakuona sababu ya kuomba. Alimshika rafiki yangu kifundo cha mkono.

"Twende."

"Sichezi, kaka."

"Bia yangu umekunywa."

"Bia zako hizo hapo. Hazijafunguliwa."

Aliivuta meza, chupa zikaanguka, moja ikapasuka karibu na miguu yangu. Bendi iliendelea, wanamuziki wamekwisha kuona mengi. Wanaume wa meza za jirani wakasimama, wakamzunguka, na ninawashukuru mpaka leo, maana sijui ingekuwaje. Mzee mmoja wa makamo, aliyeonekana kuheshimiwa, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza wakati ule:

"Huyu dada ana mwenyewe?"

Walitazamana. Walikuwa tayari kumtetea, ila walitaka kujua wanamtetea kwa niaba ya nani. Rafiki yangu alikuwa anasugua mkono, akasema kwa lafudhi yake ya Tanga, bila kupaza sauti:

"Mwenyewe ni mimi."

Mtu mmoja alicheka. Mzee hakucheka. Akamgeukia yule bwana, akamwambia umesikia, rudi ukakae. Akarudi. Kisha mzee akatushauri kwa upole kwamba ingefaa twende nyumbani mapema, na huo ushauri ndio ulioniudhi kuliko chupa. Aliyevunja chupa alibaki anasikiliza muziki.

Tangu hapo mtoto wa mama mdogo tulimwacha nyumbani. Mama alinuna, lakini nilikuwa nachangia kodi ya nyumba, na kununa kwa mama kulikuwa na mpaka. Tulikwenda wanawake watupu, wapiga chapa, mwalimu mmoja, nesi mmoja siku asizokuwa na zamu ya usiku. Kiingilio tulilipa wenyewe. Kabla ya kuagiza chochote tuliweka pembeni mchango wa teksi ya kurudia, na pesa hiyo haikuguswa hata kwa kiu. Ni jambo dogo la uhasibu, ila sijui adabu yoyote ya mwanamume iliyotulinda kama noti zile zilizokunjwa ndani ya mkoba wa nesi.

Na meza yetu iliwatatiza. Mwanamume alifika, akatazama huku na huku kutafuta kaka, akakosa wa kumwomba. Wengine waligeuza njiani. Waliobaki walijifunza kusema, "Samahani dada, unaweza kucheza?" na kungoja jibu kutoka kwenye mdomo wa mwenye miguu. Kuna waliokuwa na haya mpaka huruma inakushika. Pia walikuwepo waliodhani meza isiyo na mwanamume ni meza ya malaya, nao walisema hivyo kwa sauti.

Wahudumu wa baa ndio walioumia zaidi, na habari zao hazisimuliwi kwenye vipindi vya zilipendwa. Hao hawakuombwa kabisa. Mkono uliwashika wakipita na sinia, na kukataa kwao kulihesabiwa kama huduma mbovu, mteja anakwenda kushtaki kaunta. Sisi makarani tulijitenga nao ili tusifananishwe. Mmoja wao aliwahi kuniambia, akinifungulia soda, kwamba ana maneno mia ya kusema hapana na hakuna hata moja linaloanza na "ha".

Chemko lilikuwa habari nyingine. Tarumbeta zikiingia, tunainuka meza nzima. Hapo hakuna wa kuomba wala wa kuombwa, hakuna mkono mgongoni, hakuna kinyumenyume. Tunajipanga mstari, mmoja anaanzisha hatua, wengine tunaidaka. Wanaume nao walicheza wao kwa wao bila mtu kuwasema neno. Ila mara ya kwanza mimi na nesi tulipocheza hata ile sehemu ya taratibu, tumeshikana, mimi nikiongoza kama mjomba alivyonifundisha, msimamizi wa ukumbi alikuja akatuambia hapa ni dansi, si ngoma ya kina mama. Nikaijua ile sababu ambayo mjomba hakunipa.

Nilimpelekea mama maneno hayo nikidhani atafurahi kwamba nimekomeshwa. Hakufurahi. Mama alikuwa mtu wa ngoma, wa vikundi vile vya wanawake wa Dar es Salaam ambavyo Bibi Titi Mohamed alitokea humo, yeye akiwa mwimbaji wa Bomba, na ndivyo TANU ilivyopitia mwaka 1955 kuwapata wanawake kwa maelfu. "Kwani ngoma ya kina mama ina nini?" aliniuliza. Katika maisha yake yote hakuwahi kungoja mwanamume amwinue ili acheze. Alikwenda na kundi lake, sare moja, hatua moja, mashindano na kundi la mtaa wa pili, na matusi ya kuimba. Dansi letu la kushikana, ambalo mjomba aliliita ustaarabu, mama aliliona ni kazi ya kumsindikiza mtu.

Miaka ikaenda. Niliolewa na mtu asiyecheza, mwema, ambaye aliketi mezani na kusema "muulize mwenyewe" kwa kila aliyemwambia kaka namwomba shemeji. Mwaka 1978 ikaundwa Mlimani Park. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC kwa kifupi cha Kiingereza, ikawa jina moja: DDC Mlimani Park. Hiyo NUTA nayo ilishageuka Juwata. Msondo ya Juwata upande huu, Sikinde ya Mlimani Park upande ule, mitindo iliyopewa majina ya ngoma za kwetu, na mji ukagawanyika kama Simba na Yanga. Bidhaa zilikuwa adimu, foleni ya sukari, foleni ya khanga, bia ya kugawiwa. Watu walikwenda kwenye muziki wakiwa na njaa, wakacheza.

Jumapili moja katika ukumbi wa DDC Kariakoo, sehemu ya taratibu ilikwisha, magitaa yakachemka, nikainuka na wenzangu wa siku zote, sasa mama wa watoto. Msimamizi wa kutuambia neno hakuwepo, na angekuwepo asingesikika, maana mistari ya wanawake ilikuwa imeijaza sakafu kutoka jukwaani mpaka kaunta. Mama ningempitishia dirishani angesema hii ni yetu. Nilikuwa mbele, ndimi ninayetoa hatua. Kijana wa bugaluu zilizokwisha pitwa na wakati akaja ubavuni, akainama, akasema kwa adabu zote, sauti juu ya tarumbeta:

"Samahani dada, naomba kucheza."

Nikamwonyesha nyuma ya mstari. Akaenda. Tulipogeuka wote upande wa kaunta, yeye akageuka upande wa jukwaa, tukakutana uso kwa uso.

"Unaanza mguu gani?" aliniuliza.

"Wa kulia, kaka. Na nesi huyo nyuma yako usimkanyage, ana zamu leo."